Ongeza Sita

Mtu wa Brazil aliandika Jumanne, akajibiwa Jumanne hiyo hiyo. Mimi niliandika mwezi wa pili, wa nne, wa tano na wa saba, na sikujibiwa hata nukta. Haki ya Mungu, kama kiatu kingeweza kurushwa kutoka Kericho kikafika Finland, siku ile ningerusha vyote viwili nirudi nyumbani miguu mitupu.

Nilikuwa nimesimama katika ofisi ya Onsongo, karatasi mkononi. Onsongo ni Mkisii mwenzangu, ana duka la simu na faksi pale mjini, na mwaka huo wa 1998 alikuwa ameongeza imeli. Kompyuta ilikuwa moja, na modemu yake ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wengine walikwenda kwake kutuma salamu kwa watoto wao Amerika. Mimi nilikuwa nimetuma swali la kazi Jumamosi iliyotangulia, na sasa majibu yalikuwa yamerudi pamoja na barua za watu wengine, na katikati ya barua hizo kulikuwa na jina la mume wangu.

"Huyu Bethwel si ndiye wako?" Onsongo aliniuliza.

"Ndiye."

"Basi yuko hai. Ashukuriwe Mungu."

"Yuko hai kabisa," nikasema. "Anafundisha Wabrazil."

Acha nieleze, maana najikuta nimeanza kwa hasira. Mimi ni Lenah Kemuma. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma majani chai, nami nikazaliwa hapa, nikasoma hapa, nikawa karani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kabianga. Bethwel alikuwa fundi wa umeme wa kiwanda hicho. Yeye ni Mkipsigis, kwao ni mwendo mfupi tu kutoka getini. Tulioana, tukapata binti, Chelimo, jina wanalopewa wasichana waliozaliwa asubuhi ng'ombe wakienda malishoni.

Majani mabichi yakifika kiwandani hayasagwi hapo hapo. Hutandazwa kwanza kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza hewa kutoka chini mpaka yanyauke. Zikipuliza kidogo majani yanachacha, zikipuliza sana yanakauka. Bethwel alitengeneza kisanduku chenye chipu ndani yake, cha kuwasha na kuzima feni kwa saa zake. Mimi niliandika zile saa usoni mwa kisanduku kwa rangi nyeupe. Niliziandika jinsi tunavyozisema, kwa sababu wazee wa vitandani walisoma hivyo: jua likishachomoza, saa ya kwanza ni saa moja. Chipu nayo ilihesabu kizungu, kuanzia katikati ya usiku. Kwa hiyo Bethwel akafungua kifuniko, akaandika kwa penseli upande wa ndani: Ongeza sita.

Tulicheka siku hiyo. Alisema na nyumba yetu itaendeshwa hivyo hivyo, mimi nitakuwa nasema saa, yeye ataongeza sita. Nilimpiga kwa kitambaa cha kufutia rangi. Nilimpenda sana mtu huyo, na sijui kwa nini nasema nilimpenda.

Januari 1997 alipata nafasi ya kusoma Finland, miaka miwili. Mwaka wa kwanza barua zilikuja kila mwezi. Huko alikutana na kikundi cha watu waliotawanyika duniani, hawajawahi kuonana, wanaotengeneza kwa pamoja programu ya kujengea programu nyingine, zile ndogo zinazokaa ndani ya mashine kama kisanduku chetu. Haiuzwi. Yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kurudisha alichorekebisha, kama shamba la zamu, leo tunalima kwako na kesho kwangu. Bethwel aliipenda mpaka akawaandikia sura moja ya mwongozo wake. Februari 1998 alinitumia disketi tatu na huo mwongozo uliochapwa, ili kisanduku cha feni kipate programu mpya. Halafu kimya.

Sikutaka mengi. Nilitaka kujua jambo moja tu: bado ni wangu, au si wangu? Akisema hapana nitalia, nitanawa uso, nitalea mtoto. Lakini mtu aliyenyamaza utamlilia vipi? Matanga yake yanaanza siku gani?

Mwezi wa nane kiwanda kiliongeza vitanda viwili, saa za feni zikawa lazima zibadilishwe. Meneja akaniita. "Wewe ni mke wa fundi," akasema, "na kompyuta ni yako." Ala! Kumbe ufundi unaambukizwa kwa ndoa. Nikachukua mwongozo nikaanza.

Wiki mbili nilihangaika. Nilifuata kila hatua ya sura ya tatu, sura ya mume wangu. Nabadilisha saa kwenye faili, naiambia programu ijenge, nayo inanijibu kwamba hakuna la kufanya, kila kitu kiko sawa. Kiko sawa wapi? Feni zilikuwa zinawaka kwa saa za zamani kana kwamba sikuwahi kuzaliwa. Nikaona nyuma ya mwongozo kuna anwani ya kikundi, na maneno kwamba mwenye swali aandike na atajibiwa, na kila barua humfikia kila aliyejiandikisha. Ndipo nikaenda kwa Onsongo.

Jibu langu lilitoka kwa Mholanzi, msimamizi wao, mtu wa adabu. Aliniuliza: je, saa ya kompyuta yako inasema kweli? Haikuwa inasema kweli. Betri yake ilikuwa imekufa, kila nikiiwasha inaamka ikidhani ni mwaka 1980. Na ile programu haitazami kazi uliyofanya, inatazama saa uliyoifanya. Ikiona faili lako lina tarehe ya zamani kuliko kilichojengwa, inaamua huna jipya. Kumbe ndivyo. Lakini hilo Bethwel hakuliandika popote.

Alikuwa ameandika kama mama yake anavyofundisha. Nilipoolewa nilimwomba mama mkwe anifundishe mursik, yale maziwa yao ya mgando. Akasema, "Unachemsha maziwa, yakipoa unamimina kwenye sotet, unafunika, unangoja. Ni hivyo tu." Nikachukua kibuyu, nikafanya hivyo tu, na baada ya siku nne nyumba nzima ilinuka. Kumbe kibuyu husuguliwa kwanza ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. "Sasa hilo nalo nikwambie?" alishangaa. "Nani hajui mkaa?" Mimi, Mama. Mimi sijui mkaa.

Basi siku ile ya mtu wa Brazil nilirudi nyumbani na karatasi zangu, nikasoma tena jibu alilopewa. Lilikuwa refu, la upole, lenye mifano, na mwishoni alimwambia asisite kuuliza tena. Asisite! Nikalia kidogo, nikachemsha chai. Halafu nikawaza: mtu huyu habari za mkewe hajibu, lakini habari za mwongozo anajibu. Vizuri, tutaandikiana habari za mwongozo.

Nikaanza kurekebisha. Kila Jumamosi nilipeleka disketi kwa Onsongo, ina sahihisho moja au mawili, kwa Kiingereza changu cha Form Four. Hapa pameandikwa weka disketi, hapajaandikwa disketi ipi. Hapa umeruka hatua. Hapa umedhani nimesimama karibu nawe nikitazama mkono wako. Nilitia sahihi L. Kemuma. Mholanzi alipokea kila kitu, akashukuru, akasema kikundi kilikuwa kinamhitaji mtu kama mimi tangu zamani. Kila sahihisho lilikuwa mimi nikibisha mlangoni kwa Bethwel: hodi, hodi.

Naye akatoweka. Tangu jina langu litokee kwenye barua zile, lake halikuonekana tena. Mbrazil aliuliza swali jingine, akajibiwa na Mholanzi.

"Umemfukuza mpaka kwenye kompyuta," Onsongo alisema akicheka.

"Cheka tu. Na wewe mkeo yuko Nyamira, umemwandikia lini?"

Akaacha kucheka, akanipa karatasi zangu.

Nyumbani mama mkwe hakuwa akiniuliza chochote. Jumamosi aliniona tu nikishuka na njia ya majani chai, anatazama mikono yangu kama nina barua, anarudi jikoni. Jioni moja ya Novemba nilipasuka. Nikamwambia, "Mama, mwanao ananiona. Nimejua ananiona. Anajificha."

Alikuwa anasugua kibuyu. Hakuinua kichwa. "Alipokuwa mdogo alivunja sotet ya baba yake," akasema. "Siku mbili hakupita mlango wa mbele. Alikuwa anapitia nyuma, kwa ndama. Mtu amevunja kitu hawezi kuja mbele."

"Amevunja nini?"

"Sasa hiyo ni ya kuuliza yeye," akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Mwezi huo ndipo nilipoandika sura nzima. Ile ya saa. Kurasa nne: kwa nini programu inaamini saa kuliko mtu, betri ikifa ufanye nini, na mfano wa siku moja ya kazi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mfano niliunakili kutoka daftari la kiwanda nililokuwa nimeandika mwenyewe siku kisanduku kilipokubali hatimaye. Niliandika kwa furaha, nikakimbilia gari la mjini kabla Onsongo hajafunga, nikatuma.

Jumamosi iliyofuata Onsongo alinipa majibu bila utani, na hapo nikajua kuna shida. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika saa zetu, na kwenye Kiingereza nikazihamisha vilevile zilivyo. Nilikuwa nimewaambia watu wa dunia nzima kwamba nilifika kazini saa mbili, ambayo kwao ni usiku mkubwa, nikabadilisha faili, nikala chakula cha mchana saa saba, kwao asubuhi, na saa kumi na moja, kabla ya adhuhuri yao, nikazima kompyuta nikaenda nyumbani giza likikaribia. Mfaransa mmoja aliuliza kama mwandishi huyu huwa analala. Mwingine alisema sura ya kufundisha saa haiwezi kuandikwa na mtu asiyejua saa. Mholanzi, kwa adabu yake, alisema sura ni nzuri lakini mfano wake haueleweki, na kama hakuna anayeweza kuueleza ndani ya wiki moja, ataiacha nje ya mwongozo mpya.

Uso ulinichoma. Onsongo alinivutia kiti mbele ya kompyuta. "Andika sasa hivi," akasema. "Waambie waongeze sita. Dakika moja tu, kazi imekwisha."

Nikaweka vidole kwenye vibonyezo. Halafu nikaviondoa.

"Siandiki."

"Wewe Lenah! Kurasa nne!"

"Kwenye barua zile kuna mtu mmoja anayejua," nikamwambia. "Mmoja tu, dunia nzima. Anajua bila kufikiri. Akiiacha sura yangu ifutwe, basi nitakuwa nimejibiwa."

Onsongo alizima modemu. Akaniambia, "Sawa, dada. Jumamosi."

Wiki ile sitaki hata kuikumbuka. Kazini nilipima majani vibaya mara mbili. Nilipita mbele ya kisanduku cha feni kila siku, na mara moja wazee walipokwenda kunywa chai nilifungua kifuniko nikatazama ile penseli. Ilikuwa imefifia lakini inasomeka. Niliweka kidole pale nikasema kwa sauti, kama mwendawazimu, "Kwa hivyo?" Feni zikawaka, maana saa yake ilikuwa imefika.

Niliandika pia barua ya kumaliza mambo kati yangu na Bethwel. Kurasa tano, kwenye disketi. Nilimwambia kila kitu: kwamba Chelimo sasa anamwita baba yake "mtu wa kwenye picha", kwamba mama yake anatazama mikono yangu, kwamba kitanda ni kikubwa na blanketi ni moja na bado ninalala upande wangu. Nilimwambia akae huko. Nilimwambia asifikiri nitamngoja. Ilikuwa barua nzuri, yenye makali, na yale maneno ya mwisho yote yalikuwa uongo.

Jumamosi nilifika kwa Onsongo kabla hajafungua. Alikuja akipuliza vidole kwa baridi, akafungua, akawasha, modemu ikalia weee. Mimi nilibaki mlangoni, sikutaka kuona kioo cha kompyuta. Nikasikia printa inaanza. Halafu nikamsikia Onsongo akisema kwa Kikisii jambo ambalo watu husema kanisani.

Alinipa karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa imetumwa kwa kikundi chote. Iliandikwa kwa Kiingereza, nami naisema hapa kama nilivyoielewa. Ilisema: Msifute. Saa zote katika mfano huu ni sahihi. Mwandishi anaishi mahali ambapo jua huchomoza wakati mmoja mwaka mzima, bila kuchelewa, na watu huanza kuhesabu hapo. Ongezeni sita. Sura yake ni bora kuliko yangu. Yangu niliiandika nikidhani kila mtu amesimama pale niliposimama. Ninamjua mwandishi. Ni mke wangu.

Nikaketi. Kiti alikuwa amekikalia Onsongo, nikaketi juu ya maboksi ya karatasi za faksi.

Ya pili ilikuwa yangu peke yangu, kwa Kiswahili.

"Mama Chelimo. Mwezi wa pili nilianguka mtihani. Masomo yalikatwa. Ninaosha mabasi kwenye gereji moja, na nauli ya kurudi bado sijaipata. Kila nikianza barua, naandika jina lako halafu sina cha kuweka chini yake. Maswali ya wale wengine yalikuwa na majibu, ndiyo maana niliyajibu. Nilipoona L. Kemuma nilijua ni wewe, nikaona haya, nikakimbia. Masahihisho yako yote nimeyachapa, yako ukutani. Leo huku jua limetoka saa nne na nusu, na saa nane limeshazama. Siku nyingine halionekani kabisa, ni mawingu. Nikiamka sijui ni saa ngapi ya kwenu. Lenah, sijui tena nihesabu kutoka wapi."

Nilisoma mara tatu. Onsongo alikuwa amenipa mgongo, anafuta meza iliyokuwa safi. Watu wawili waliingia kutuma faksi, akawaambia mashine ni mbovu, wangoje nje. Nilikuwa nalia bila kujificha, pua na macho, na hasira bado ilikuwepo, haikuwa imeenda mahali. Miezi kumi, jamani! Kwa sababu ya mtihani! Ningemlaza kwenye kitanda cha kunyaushia majani nimwashie feni mpaka akili imrudie. Na papo hapo nilitaka kushika mikono yake, niione inafananaje baada ya kuosha mabasi ya watu.

"Utatuma ile disketi?" Onsongo aliuliza taratibu. Nilikuwa nimemwambia kuhusu barua ya kumaliza.

Nilikuwa nimeishika mkononi. Nikaitia mfukoni.

"Nipishe kwenye kiti," nikasema.

Nje jua lilikuwa limeshapanda, umande unakauka kwenye majani chai ng'ambo ya barabara, kijani kile ambacho najua anakiona akifumba macho. Nyumbani Chelimo alikuwa ameshakunywa uji, ng'ombe wako malishoni, na mama mkwe anajifanya hatazami njia. Nikaandika kwa Kiswahili, polepole, bila kusahihisha.

"Baba Chelimo. Umenikosea sana, na nitakasirika mpaka uje nikukasirikie ana kwa ana. Mtihani si sotet, na hata sotet mama yako alishaisamehe. Kisanduku chako kinafanya kazi. Penseli yako bado inasomeka. Leo jua limetoka saa kumi na mbili na nusu, kama jana, kama siku uliyoondoka. Sasa ni saa tatu na dakika tano.

Hesabu kutoka hapa."